Kabla ya kabureta, nunua bolti za konrodi

Wikendi nimeona Datsun 1600 safi sana, rangi imepigwa ikapigika, kabureta mbili za Weber zinang'aa, na ubavuni mwa bloku kuna tundu la kupitisha ngumi. Konrodi, ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), imetoka nje. Kilichoniuma zaidi ni maneno ya watu waliokuwa wameizunguka, eti injini za zamani ndivyo zilivyo, hazivumilii, toa hiyo L16, injini yake ya kiwandani, weka kitu cha kisasa. Jamani! Injini ya aina hiyo hiyo ndiyo ilimfikisha Edgar Herrmann na Hans Schüller kwenye ushindi wa mbio za magari za Safari Rally za 1970, na barabara za Safari mnazijua. Imetoka kiwandani na krenki ya chuma cha kufuliwa, iliyoshikwa na mein beringi 5, yaani beringi kuu zinazoibeba kwenye bloku. Msiiite dhaifu.

Shida ni sisi na jinsi tunavyotumia pesa. Mtu akitaka kuamsha injini kidogo anaanzia juu, kabureta, kamshafti, hedi ikachongwe, manifoldi, yaani vitu vya kuonekana ukifungua boneti, halafu gari inakuwa tamu, inapenda kuzungushwa, na pale mwenyewe alipokuwa anabadilisha gia sasa anapitiliza mpaka mizunguko 7,000 kwa dakika. Huko chini hakuna aliyegusa kitu, kwa sababu ilikuwa hainoki, haigongi.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo watu wanapoteza injini. Mzigo unaoivuta konrodi haupandi sawa na mshale wa mizunguko, unapanda kwa mraba wa mizunguko. Kutoka 6,000 kwenda 7,000 unaona ni kidogo tu lakini mzigo umeongezeka karibu asilimia 36. Chukua hiyo L16, pistoni inatembea mm 73.3 kutoka chini hadi juu, tuseme pistoni na pini yake ni nusu kilo. Ikifika juu kabisa kwa 6,000 inaivuta konrodi kama vile umetundika kilo 940, kwa 7,000 ni karibu 1,280. Na pabaya kuliko pote ni mwisho wa kutoa moshi, maana pale hakuna mlipuko wa kuirudisha pistoni chini, inayoizuia isiendelee kupanda ni konrodi peke yake, na kepi ya konrodi, kile kipande cha chini kinachoifunga kwenye krenki, imeshikwa na bolti mbili. Mbili! Mara 3,500 kwa dakika, kila silinda.

Na bolti zenyewe zina miaka hamsini, zimefunguliwa na kufungwa na mafundi ambao hakuna anayewajua. Bolti ikikazwa inanyooka kidogo kama springi, na huko kunyooka ndiko kunakobana kepi. Ikishavutwa kupita kiasi hairudi tena. Kepi inaanza kuachia kwa unene usiouona kwa macho, beringi inapoteza umbo, oili inakimbia, siku moja inanoki na mwenye gari anaambiwa "beringi zilikuwa feki". Anaweka beringi mpya, na bolti zile zile.

Seti ya bolti mpya, hata hizo nzuri za kampuni ya ARP, haifiki bei ya Weber moja. Lakini usizipachike tu ukafunga! Bolti mpya zinabana kepi tofauti, tundu la konrodi linaacha kuwa duara kamili, kwa hiyo lazima konrodi ziende kwa fundi wa mashini azikaze, azipime, alirudishe tundu kwenye duara. Hii hatua inarukwa kila siku na inaniudhi kweli. Halafu nafasi ya oili kati ya beringi na krenki ipimwe kwa maikromita, ile hesabu ya wazee ya sehemu moja kwa elfu ya kipenyo bado inafanya kazi: shingo ya krenki ya L16, pale konrodi inapokaa, ni kama mm 50, unatafuta nafasi ya kama mm 0.05. Na toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, tafadhali. Mkono wa fundi hata awe mzoefu vipi hausomi namba.

Mengine ni ya kawaida, pistoni na konrodi zilinganishwe uzito, krenki ikabalansiwe pamoja na flaiwili na klachi, sampu, bakuli la oili chini ya injini, iwekewe vizuizi ili oili isikimbie pampu kwenye kona. Oili nzito haitibu beringi iliyokwisha.

Haya, nakubali, mtu wa mbio anayekaa 8,000 siku nzima anahitaji konrodi za bei mbaya, na anayetaka nguvu nyingi bila kuhangaika, injini ya kisasa zaidi ya Nissan, SR20, itampa. Lakini gari ya barabarani yenye kabureta mbili na kamshafti ya wastani haihitaji hayo. Krenki iliyozaliwa nayo inatosha kama haina ufa na shingo zake ziko sawa, bloku inatosha, na pesa uliyotaka kununulia krenki mpya kutoka ng'ambo mpe fundi wa mashini, umwache apime kila kitu bila kumharakisha.