Kijana wa Lamu na kazi ya utafiti chuoni: aingie ama aache?

Kijana wa Lamu akimaliza digrii halafu aseme anataka masta na PhD awe mtafiti, nyumbani ataulizwa utakula nini miaka yote hiyo, na hilo swali si la kupuuza.

Tangu 2014 CUE, ile tume ya vyuo vikuu, ilisema anayetaka kuwa lekcha lazima awe na PhD, manake masta peke yake mara nyingi inakuacha kwenye vibarua vya kufundisha, unalipwa kwa masaa na hela yenyewe unaeza kuingoja mpaka semista nyengine iishe. Hata walioajiriwa hawajatulia, 2025 wahadhiri wa vyuo vya serikali waligoma siku 49 wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya mishahara ya 2017 mpaka 2021. Mzazi akiyaona hayo, na huku wenzake mwanawe waliokwenda ualimu wa sekondari washajenga, utamlaumu?

Lakini upande wa pili ndio unaoniuma zaidi. Mwaka 2023 jarida la sayansi la Nature lilitoa utafiti wa DNA ya mifupa ya kale ya Manda na Faza huku Lamu, na Mtwapa, ukaonyesha wazee wetu walichanganya damu ya Afrika na ya Uajemi tangu kama mwaka 1000. Habari yetu wenyewe hiyo! Mmoja wa walioongoza ni Profesa Chapurukha Kusimba, Mkenya, lakini yuko Chuo Kikuu cha South Florida, Marekani, na maabara ilikuwa Harvard hukohuko. Kwa jumla watafiti wakija huku sisi ni wa kuonyesha njia, kukodisha mashua, kutafsiri maneno ya bibi kule Pate, tunalipwa ya siku na mara nyingi jina halitokei popote.

Na miswada ya kale, yale maandishi ya mkono ya msikiti wa Riyadha hapa Lamu, je? Imepigwa picha kwa mradi wa British Library, ile maktaba kuu ya Uingereza, iko kwenye intaneti. Nani ataisoma vizuri kuliko aliyekaa madrasa tangu mdogo, Kiarabu anakisoma na Kiamu, Kiswahili cha Lamu, ndio lugha ya mamake? Msomi wa Ulaya itamchukua miaka kufika hapo. Huo ni mtaji mkubwa sana lakini bila digrii ya juu ni shida mtu kukupa pesa za utafiti uufanyie kazi.

Kwa sayansi hata si mbali, KEMRI-Wellcome, kile kituo cha utafiti wa afya, wako Kilifi tangu 1989, chini kidogo ya Malindi, na Chuo Kikuu cha Pwani kiko mji huohuo. KEMRI-Wellcome huchukua waliomaliza digrii kwa mafunzo na wengine wamelipiwa mpaka PhD, ingawa ushindani ni wa nchi nzima, asikudanganye mtu ati kuwa wa Pwani kunatosha.

Mimi nasema aingie, ila kuuza shamba la minazi ulipie masta bila msimamizi wala mradi siungi mkono kabisa, ndipo wengi wanakwama kwa thesisi. Tafuta kwanza kazi ndogo ndani ya mradi, uliza jina lako litawekwa wapi kabla hujakusanya data hata ya mtu mmoja, ndio uombe skolashipu ukiwa na kitu mkononi. Na magavana wetu nao, kibali cha NACOSTI, ile tume ya serikali inayoruhusu utafiti, kinamtaka mtafiti awajulishe kabla hajaanza, basi hapo hapo si wamuombe kila mwenye mradi mkubwa asomeshe masta angalau mtoto mmoja wa hapa?