Mlipuko Mkuu hausubiri kupandishwa cheo

Mjadala kuhusu chanzo cha ulimwengu ukipamba moto, hakosekani mtu wa kusema: "Lakini hiyo ni nadharia tu." Anachomaanisha kinaeleweka. Kwake sayansi ina kanuni, zilizokwisha kuthibitishwa na kupigwa muhuri, na ina nadharia, ambazo bado ziko foleni. Mlipuko Mkuu, yaani wazo kwamba ulimwengu ulianza ukiwa mdogo na wenye joto kali kisha ukatanuka, uko foleni, basi tusubiri zamu yake. Hoja hiyo ina upande wenye nguvu na nitaufikia. Ila inadhani kwamba nadharia hukua ikawa kanuni, jambo ambalo halitokei. Kanuni hueleza kwa ufupi mpangilio unaoonekana katika vipimo; nadharia hueleza kwa nini mpangilio huo upo, na ni nini kingine tutegemee kukiona.

Katika kosmolojia, sayansi ya ulimwengu kwa ujumla wake, kanuni mashuhuri ni ya Hubble: kadiri galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota, ilivyo mbali nasi, ndivyo inavyotukimbia kwa kasi zaidi, umbali ukiwa maradufu, kasi nayo ni maradufu. Mwanaastronomia Edwin Hubble aliichapisha mwaka 1929, akitegemea kwa sehemu kubwa kasi zilizopimwa na mwenzake Vesto Slipher. Miaka miwili kabla yake, padri Mbelgiji Georges Lemaître alikuwa ameufikia uhusiano huohuo akianzia kwenye milinganyo ya Einstein, lakini aliandika kwa Kifaransa katika jarida lililosomwa na wachache. Mwaka 2018 wanachama wa Umoja wa Kimataifa wa Astronomia walipiga kura kupendekeza iitwe kanuni ya Hubble na Lemaître. Kanuni ya maumbile kupigiwa kura ya jina! Si kitu cha kutegemea kwa jambo linalodhaniwa limekwisha kupigwa muhuri milele.

Sasa tuitazame kanuni hiyo kwa karibu. Galaksi ya Andromeda, jirani yetu mkubwa, haitukimbii hata kidogo. Inatukaribia kwa takriban kilomita 110 kila sekunde. Kanuni haina la kusema juu ya hilo. Nadharia inalo: kwa umbali mdogo hivyo, mvutano kati ya galaksi mbili hushinda kutanuka kwa ulimwengu. Ukienda mbali mno, mstari ulionyooka wa Hubble nao hupinda. Mwaka 1998 timu mbili zilizopima nyota zilizolipuka katika galaksi za mbali zilikuta upindo huo umeelekea upande ambao wengi hawakuutarajia, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba kutanuka kunaongezeka kasi. Maana ya upindo ule ilisomwa kwa milinganyo ya nadharia. Kanuni peke yake ingekuonyesha tu kwamba imeacha kufanya kazi.

Namba iliyomo ndani ya kanuni ni kisa kingine. Hubble alipata kama kilomita 500 kwa sekunde kwa kila megaparseki moja, yaani kwa kila miaka ya nuru milioni 3.26. Ukirudisha mwendo huo nyuma unapata ulimwengu wenye umri wa karibu miaka bilioni 2, wakati vipimo vya mionzi katika miamba vilikuwa vinaipa Dunia umri mkubwa kuliko huo. Mtoto amemzidi mama umri. Aibu hiyo ilidumu miaka mingi. Mwaka 1952 Walter Baade alionyesha kwamba nyota zilizotumika kupimia umbali ni za aina mbili na zilikuwa zimechanganywa. Umbali wa galaksi ukaongezeka maradufu kwa mkupuo mmoja. Kufikia 1958 Allan Sandage alikuwa ameishusha namba hadi karibu 75. Imepungua karibu mara saba, na muda wote huo imeitwa kanuni bila mtu kuitilia shaka jina.

Lakini kisa ninachokiona kuwa kizito zaidi ni cha mwaka 1948. Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold walileta nadharia ya ulimwengu usio na mwanzo: unatanuka daima, na mata mpya inazaliwa polepole kujaza nafasi inayoachwa. Nadharia yao iliafikiana na kanuni ya Hubble sawasawa na Mlipuko Mkuu. Anayetaka kushikilia kanuni peke yake na kuachana na nadharia angekwama hapo, kwa sababu kanuni iliwakubali wote wawili, anayesema ulimwengu ulianza na anayesema haukuanza kamwe.

Kilichoamua ni yale ambayo kila nadharia ilithubutu kuyasema zaidi ya kanuni. Mwaka huohuo wa 1948 Ralph Alpher na Robert Herman walikokotoa kwamba, kama ulimwengu ulianza ukiwa na joto kali, mabaki ya joto hilo, yaani mnururisho hafifu, yanapaswa kuwa bado yameenea kila mahali, yamepoa hadi kama kelvini 5, nyuzi tano tu juu ya baridi ya mwisho kabisa. Arno Penzias na Robert Wilson, ambao hawakuwa wakiyatafuta, waliyanasa kwa antena huko New Jersey na kuyatangaza mwaka 1965. Leo kipimo ni kelvini 2.725. Ongeza gesi ya heli, ambayo ni karibu robo ya uzito wa mata ya kawaida, kiasi ambacho dakika chache za kwanza zenye joto zinakitoa kwa hesabu. Ulimwengu wa Hoyle na wenzake haukuwa na njia nyepesi ya kupata mnururisho ule. Nao wanastahili heshima: nadharia yao ilisema mambo ya kutosha hata ikawezekana kuiangusha.

Mwenye shaka naye ana lake, na si dogo. Kiasi cha asilimia 95 ya ulimwengu, kwa hesabu ya nadharia yenyewe, ni mata ya giza na nishati ya giza, vitu ambavyo hakuna aliyekwisha kueleza ni nini hasa. Ulimwengu ni mmoja, hauwezi kurudiwa maabara. Tena wanakosmolojia hawana nidhamu ya maneno: wanaita nadharia Mlipuko Mkuu, na wanaita nadharia vilevile wazo la mfumuko, kwamba ulimwengu ulivimba ghafla katika sehemu ndogo mno ya sekunde ya kwanza. Machi 2014 kundi la watafiti wa darubini ya BICEP2 lilitangaza kuona alama za mfumuko huo. Chini ya mwaka mmoja baadaye ikabainika kwamba vumbi la galaksi yetu lingeweza kuleta alama hizohizo. Akisema "nadharia tu" juu ya mfumuko, sitambishia sana. Kosa lake ni kudhani jina ndilo linalompa haki hiyo, wakati kinachompa ni upungufu wa ushahidi.

Na sasa kuna mzozo mpya. Setilaiti ya Planck, kwa kusoma mnururisho wa kale kupitia nadharia, inatoa 67.4 kwa namba ya Hubble. Wanaopima nyota na milipuko yake moja kwa moja wanapata karibu 73. Pengo hilo ni kubwa kuliko makosa ya vipimo ambayo pande zote mbili zinayakiri. Huenda kuna kosa la upimaji ambalo halijanaswa, kama lile alilolinasa Baade. Huenda pia kuna kitu ambacho nadharia haijakihesabu katika miaka laki chache za mwanzo. Wanaobishana wote wanaikubali kanuni ya Hubble, na hakuna hata mmoja anayetumaini kwamba itamwambia nani kati yao yuko sahihi.