9.81 ya kitabuni na 10.8 ya daftarini

Mwanafunzi anaachia gololi ya pendulamu, yaani gololi inayoning'inia kwenye uzi na kubembea, anabonyeza stopwochi na papo hapo anahesabu "moja". Akifika ishirini anasimamisha saa, kumbe amepima mibembeo 19. Kwa urefu wa sentimita 50, mibembeo 20 huchukua takriban sekunde 28.4, yeye ameandika 27.0. Akipiga hesabu, mchapuko wa mvutano wa dunia, yaani g, unamtokea 10.8. Jirani yake kwenye benchi ameandika 9.81, thamani iliyochapishwa kitabuni. Wapewe alama gani?

Wapo walimu wanaosema ripoti ya maabara ni kipimo cha mkono, na mkono hupimwa kwa jibu. Wanaosema hivyo wana hoja. Fundi wa maabara ya hospitali anayekosea kipimo hasaidiki kwa kueleza vizuri jinsi alivyokosea. Tena kuna suala la muda: darasa la wanafunzi 60, kila ripoti ikisomwa kwa dakika 10, ni saa 10 za kusahihisha jaribio moja, ilhali jibu la mwisho hukaguliwa kwa kutupia jicho. Anayewaita wavivu hajawahi kubeba rundo hilo nyumbani.

Upande wa pili husema alama ziende kwenye kumbukumbu ya kazi: vipimo ghafi, grafu, hesabu na maelezo ya kosa. Hawa huambiwa wanadekeza watoto. Nadhani wameeleweka vibaya, na jaribio hili la pendulamu linaonyesha kwa nini.

Itazame hiyo 9.81 yenyewe. Ni thamani ya latitudo za Ulaya. London ni takriban 9.81. Kwenye ikweta, usawa wa bahari, g ni 9.78. Tofauti ni ndogo, lakini kidole cha mwanafunzi kwenye stopwochi kinaweza kukosea sekunde 0.2 bila shida. Katika sekunde 28.4 hiyo ni asilimia 0.7 ya muda, na kwa kuwa muda huwekwa kwenye kipeo cha pili, kosa la g linakuwa kama asilimia 1.4, yaani karibu 0.14. Kwa hiyo kazi safi, iliyofanywa kwa uangalifu Mombasa au Kampala, itatoa majibu yaliyotawanyika kuanzia 9.6 hadi 9.9. Darasa la watu 60 ambamo 40 wameandika 9.81 kamili si darasa la mikono hodari. Ni darasa lililoanzia kwenye jibu likarudi nyuma kujaza jedwali. Walifundishwa kupika matokeo, na aliyewafundisha ni mgawanyo wa alama.

Aliyeandika 10.8, kwa upande wake, ametuachia kitu cha kuchunguza. Kosa lake lina alama ya kidole: mraba wa 20 gawanya kwa 19 ni karibu 1.11, na 9.78 mara 1.11 inakupeleka hapo hapo kwenye 10.8. Msahihishaji anayelijua hili analitambua kwa kuangalia tu. Hata grafu yake ya mraba wa muda dhidi ya urefu itakuwa nzuri, imenyooka na kupita kwenye chanzo, yaani pale namba zote mbili ni sifuri, kwa sababu kosa limepunguza kila muda kwa uwiano uleule. Aliyepima uzi peke yake akasahau kufikia katikati ya gololi ana grafu tofauti: mwinamo ni sahihi, ila mstari haupiti kwenye chanzo. Gololi ya nusu kipenyo cha sentimita 1 huinua mstari kwa takriban sekunde za mraba 0.04. Makosa mawili, sura mbili, na yote mawili hupotea mwanafunzi akirekebisha tarakimu zake zifike 9.81.

Wanaotetea alama za jibu hutaja mitihani ya taifa, hasa titresheni, jaribio la kemia la kupima ni kiasi gani cha kimiminika kimoja kinahitajika kumaliza mmenyuko na kingine. Lakini katika mwongozo wa kusahihisha wa KCSE, mtihani wa Kenya wa kumaliza sekondari, jedwali la titresheni kwa kawaida hubeba alama 5: jedwali kamili, matumizi ya desimali, ukaribu wa vipimo na thamani ya shule (jibu alilolipata mwalimu kwa kemikali zilezile), kanuni ya wastani, na ukaribu wa wastani wenyewe na thamani hiyo. Ukaribu ni alama 2 kati ya 5. Kwa kila moja, ukiwa ndani ya 0.1 ya thamani ya shule unaipata yote, ndani ya 0.2 unapata nusu. Hesabu zinazofuata husahihishwa kwa kutumia wastani wa mwanafunzi mwenyewe, ili kosa moja lisiadhibiwe mara nne. Mbili kati ya tano! Mwalimu anayetoa nusu ya alama za ripoti kwa jibu la mwisho ni mkali kuliko mtihani anaouandalia watoto.

Na hata hizo alama mbili zina haki yake kwa sababu thamani ya shule imefichwa. Mtahiniwa haijui, kwa hiyo ukaribu wake unapima mkono kweli. Thamani ya g imechapishwa kitabuni. Hapo ndipo pande hizi mbili zinapogombana bila sababu: jibu likiwa limefichwa, lipe alama, likiwa wazi, alama hiyo inapima ujasiri wa kunakili.

Kuna pingamizi moja la kweli. Maelezo ya kosa nayo hukaririwa. "Upepo", "makosa ya kibinadamu": sentensi hizo hurudi ripoti baada ya ripoti, hasa pale mwanafunzi anapolazimika kuandika kwa Kiingereza asichokimudu. Dawa ni kudai mwelekeo. Upinzani wa hewa, ukiathiri chochote, hurefusha muda wa mbembeo na hivyo hupunguza g; hauwezi kuzaa 10.8. Kosa lililotajwa likivuta jibu upande usio wake, hakuna alama. Ukaguzi huo ni wa sekunde chache, na mzigo wa saa 10 unapungua.

Kwa ripoti ya alama 20 ningegawa hivi: vipimo ghafi 6, vilivyoandikwa kwa kalamu ya wino na kutiwa saini na mwalimu kabla mtu hajatoka maabara, makosa yakikatwa kwa mstari mmoja unaosomeka, grafu 5, hesabu 3, maelezo ya kosa 5, ukaribu 1.

Anayetaka ukaribu uwe na uzito zaidi abadili swali. Funga uzi kwenye boriti isiyofikika, waambie watafute urefu wake kwa stopwochi, wakitumia g ya 9.78. Mibembeo 20 ikichukua sekunde 60, urefu ni mita 2.23. Aliyeanza kuhesabu kwa "moja" atapata sekunde 57 na kuleta mita 2.01. Baada ya ripoti kukusanywa, mwalimu anapanda ngazi na futi kamba.