Kuuguza Nyumbani Ni Kazi, Ihesabiwe

Wiki tatu zilizopita mama aliruhusiwa kutoka hospitali. Kiharusi kimempooza upande wa kulia, kumeza bado kunamsumbua, na mkojo unatoka kwa mpira. Muuguzi, mtu mpole aliyekuwa na wodi nzima mikononi mwake, alitufundisha mimi na dada yangu kwa dakika kumi hivi. Tumgeuze kila baada ya saa mbili. Mfuko wa mkojo usipandishwe juu ya kiuno. Tukiona wekundu kisiginoni, tusiupuuze. Kisha tukapewa karatasi yenye tarehe ya kliniki na maneno haya: "Uangalizi utaendelea nyumbani."

Utaendelea na nani? Karatasi haikusema, na hakuna aliyetuuliza.

Simlaumu muuguzi yule. Nalaumu namna pesa za matibabu zilivyopangwa, maana hapo ndipo siku za mgonjwa kitandani zinapoamuliwa. Mwaka 1983 Marekani ilibadili jinsi bima yake ya wazee, Medicare, inavyozilipa hospitali. Badala ya kufidia gharama zilizotumika, ikaanza kutoa kiasi kilichokwisha kupangwa kulingana na aina ya ugonjwa. Tangu hapo, mgonjwa akikaa sana hasara ni ya hospitali. Akitoka mapema, kinachobaki ni chao. Siku za kulazwa zikapungua, na nchi nyingine zikafuata mtindo huo, Ujerumani ikiwemo, mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Kupunguza siku huko kunaitwa kubana matumizi. Lakini mgonjwa bado anageuzwa kila baada ya saa mbili, analishwa kijiko kwa kijiko asipaliwe, anaoshwa, anabadilishwa shuka saa tisa usiku. Hakuna hata jambo moja kati ya hayo lililopungua. Kazi imetoka tu kwa mtu anayelipwa mshahara, mwenye zamu na mwenzake wa kumpokea, ikaenda kwa mtu asiyelipwa, asiye na zamu wala wa kumpokea. Na mtu huyo mara nyingi ni mwanamke: binti, mke, mkwe. Kwetu ni dada. Aliomba ruhusa kazini wiki moja, akaongeza ya pili, na sasa mwajiri anataka jibu, anarudi au harudi. Mshahara wake ukikatika, hauonekani katika hesabu ya hospitali yoyote. Wala mgongo wake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na walioandika sera hizi sidhani kama wamewahi kulala kando ya kitanda cha mgonjwa wa kiharusi huku saa ya kengele ikiwa mkononi.

Nitakubali jambo moja, ingawa shingo upande. Hospitali si mahali pa kumweka mzee miezi. Anaambukizwa maradhi ambayo hakwenda nayo, misuli inalegea, akili inachanganyikiwa. Mama mwenyewe alilia kuomba arudi nyumbani, na siku aliyorudi alilala vizuri kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo sipingi watu kuuguzwa nyumbani. Ninachopinga ni kuiita nyumba wodi na kumwacha anayeuguza bila chochote.

Tena inawezekana kufanya vingine. Ujerumani ilianzisha bima ya lazima ya huduma ya muda mrefu mwaka 1995. Ili waajiri wafidiwe mchango wao, karibu majimbo yote yalifuta sikukuu moja, yaani wafanyakazi walitoa siku yao ya mapumziko ili wasiojiweza wahudumiwe. Ndugu anayeuguza anaweza kufikiwa na fedha za mfuko huo, na akitimiza masharti anachangiwa hata pensheni. Japani ilianza mwaka 2000. Kila mtu anachangia tangu akiwa na miaka 40, na kuanzia 65 akihitaji msaada anapimwa kiwango cha hali yake, lakini anapewa huduma, hapewi fedha. Wanaharakati wa wanawake huko walizikataa fedha kwa hofu kwamba zitakuwa kamba ya kumfunga mkwe kwenye kitanda cha wazazi wa mumewe.

Hoja hiyo imenikaa kichwani. Zamani ningesema mlipeni dada yangu, yaishe. Sasa nikimtazama naona fedha peke yake hazitamlaza usingizi. Anahitaji mtu aliyefunzwa abishe hodi saa mbili usiku na kumwambia, "Nenda kalale." Nchini Uholanzi, tangu 2006, shirika la uuguzi la Buurtzorg linapeleka wauguzi majumbani katika vikundi vidogo vinavyojipangia kazi bila meneja. Hata hivyo nchi hiyohiyo, katika mageuzi ya 2015, ilirudisha sehemu ya mzigo kwa manispaa na familia.

Nataka swali moja liwe la lazima kabla mgonjwa hajaruhusiwa: nani atauguza, saa ngapi kwa siku, na ataacha nini ili aweze? Jibu liandikwe kwenye faili, na saa hizo zihesabiwe kila sera inapodai imeokoa pesa.

Karatasi yetu ina nafasi ya jina la mhudumu na namba yake ya simu tu. Dada aliandika lake. Jumatatu anatakiwa kumjibu mwajiri. Leo usiku nimemwambia asitege kengele. Saa nane na saa kumi nitamgeuza mama mimi.