Seli shina za macho hazimezwi

Jirani yetu hapa Mwanga, Kigoma, bibi wa watu, ametoa hela yake ya mawese kununua vidonge vya "seli shina", yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Kaambiwa vitayafufua macho. Aliyemuuzia hakumpima, hata tochi hakummulika. Nina hasira mpaka leo.

Tiba yenyewe ipo, sikatai. Mwaka 2014 huko Kobe, Japani, timu ya Masayo Takahashi ilichukua seli za ngozi ya bibi wa miaka sabini na kitu, ikazigeuza kuwa seli shina, ikakuza utando unaolisha retina (sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga), kisha ukapandikizwa nyuma ya jicho lake. Mwaka mmoja baadaye uoni wake haukuwa umepanda wala kushuka. London nako, ripoti ya mwaka 2018 ilisema wagonjwa wawili waliopandikizwa utando wa namna hiyo waliweza kusoma tena. Hayo yote ni majaribio ya kitafiti, mikononi mwa wapasuaji. Hakuna aliyemeza seli! Na Florida, wazee watatu walilipa dola 5,000 kila mmoja wakadungwa seli za mafuta ya miili yao katika macho yote mawili. Wakapoteza uoni.

Tena utafiti huo unahusu uchakavu wa sehemu ya katikati ya retina. Wazee wetu wengi wanasumbuliwa na mtoto wa jicho: lenzi imeingia ukungu, inatolewa, inawekwa ya bandia, na mtu anaona. Upasuaji huo umezoeleka na unafanyika hapa nchini. Kwa nini bibi auziwe ndoto ya maabara wakati huenda dawa yake iko hospitali ya mkoa?

Najua, kutoka Uvinza au Kakonko kuja mjini ni nauli, na ukifika kuna foleni. Muuzaji anafika hadi kibarazani, anaamkia shikamoo, anakaa, anasikiliza. Hapo anatuzidi sisi watoto na wajukuu, na inaniuma kulisema.

Lakini kama ni presha ya macho, kila mwezi wa vidonge ni mwezi wa uoni unaokwenda moja kwa moja. Haurudi. Wewe unayeuza, mwambie mzee akapimwe macho kwanza. Kama huwezi kumwambia hivyo, mrudishie hela yake.