Mheshimiwa Kaja Dodoma kwa Mpira

Ukitaka kujua kama unaujua mji unaoishi, subiri mgeni akuulize, "Kwani hapa mnapumzikia wapi?"

Mimi Dodoma nilihamia 2017, na godoro moja, nikiwa nimewaapia watu wa Dar kwamba miezi sita haiishi nitakuwa nimerudi. Sijarudi. Nayajua ya hapa. Najua maji mtaani kwetu Nkuhungu yanatoka siku gani, najua upepo wa mwezi wa saba unaingilia dirisha lipi, najua fundi viatu yupi ukimwachia kiatu utakikuta kimevaliwa na mtu mwingine. Lakini mama watoto aliponikabidhi simu akasema, "Ongea na mdogo wangu, wanakuja Ijumaa na mume wake kuangalia mpira, wanauliza baa nzuri na sehemu za kutembelea," nikagundua mji mzima nina njia moja tu: nyumbani, ofisini, baa ya kona, nyumbani.

Hawa wanandoa niwaeleze kwanza, maana shida yote inaanzia hapo. Mwanyumba wangu, yaani huyo mume wa shemeji, ni Simba. Si Simba wa kuchungulia matokeo kwenye simu, ni Simba wa kususa chakula. Shemeji ni Yanga wa kuzaliwa. Walioana mwishoni mwa Aprili 2012. Mei 6, fungate haijaisha, Simba wakaipiga Yanga 5-0, na bwana harusi akakimbia barabarani na bukta kushangilia. Shemeji alinyamaza. Alinyamaza miaka kumi na moja. Novemba 5, 2023, Yanga wakaipiga Simba 5-1, na asubuhi yake mwanyumba akakuta mezani chai na vitumbua vitano. Kesho yake vitano. Wiki nzima, vitano vitano, hakuna aliyesema neno.

Sasa Simba wanakuja uwanja wa Jamhuri kucheza na Dodoma Jiji. Nikamuuliza, shemeji, wewe unafuata nini?

"Nakuja kuwashangilia Walima Zabibu," akasema. "Anayecheza na Simba ni ndugu yangu."

Haya. Kutafuta malazi. Ilikuwa mwezi wa tano, na mtu asiyekaa Dodoma hawezi kuelewa maana ya mwezi wa tano. Ni Bunge la bajeti. Chumba ambacho Januari mwenye gesti anakubembeleza ulale hata kwa mkopo, mwezi wa tano anakuuliza wewe uko kamati gani. Nilipiga simu sehemu nne zimejaa. Ya tano wana kimoja, maji ya moto yanaletwa kwa ndoo, na bei ni mara mbili ya ile niliyoijua.

"Mbona mwezi wa pili haikuwa hivi?"

"Kaka, mwezi wa pili ulikuwa na wageni?"

Wakalala kwangu. Wakapewa chumba cha watoto, watoto wakahamia kwa mama yao, mimi nikapewa kochi. Kochi lenyewe lina ubao katikati, na ubao huo unajua mbavu yangu ilipo.

Kuwapokea nako ni habari nyingine. Zamani mgeni akikuambia "ndiyo natoka Dar," una siku yako nzima. Kilomita kama 450, basi linakula saa nane au tisa. Unafua, unalala, unanyoa, unaamka, bado yuko Gairo ananunua vitunguu. Tangu treni ya umeme ianze kufika hapa 2024, mtu anakupigia yuko Morogoro, ukimaliza kufunga kamba za viatu anakuuliza, "Mbona hatukuoni?" Niliwakuta wamesimama nje ya stesheni. Mwanyumba alikuwa na jezi nyekundu na juu yake koti la suti, kwa sababu aliambiwa Dodoma jioni kuna baridi. Hilo koti likumbukeni.

Swali la kwanza, hajanipa hata mkono vizuri: "Baa nzuri iko wapi?" Kwenye treni alishasimuliwa habari za kuku wa Chako ni Chako, anataka aende sasa hivi na begi. Nikamwambia kesho. Nilikuwa na hesabu zangu: baa ya kona nina daftari, nikikwama naandikwa. Akakataa. Anataka sehemu yenye televisheni kubwa na hadhi.

Niliwaeleza, na nyie nawaeleza. Hapa baa huichagui kwa taa. Angalia jiko: liko mbele au limefichwa nyuma? Angalia mizani: inakutazama wewe au inamtazama mchomaji? Angalia bodaboda wanakula wapi, maana bodaboda hana hela ya kupoteza. Ukiona mbuzi ananing'inia, mkaa unatoa moshi, na mhudumu anakuambia bei kabla hujauliza, vuta kiti. Ukiona taa za bluu na viti vya kudidimia, pita kama hujaona.

Mwanyumba akachagua yenye taa za bluu.

Tunaingia, mhudumu akaja mbio, akaangalia koti, akashuka macho kwenye kitambi, akaangalia tena koti. "Karibu sana, mheshimiwa."

Jamani, mwanyumba wangu anauza vipuri vya pikipiki Tandika. Cheo kikubwa alichowahi kuitwa ni "bosi," na anayemwita hivyo anataka apunguziwe pleti za klachi. Nilimwona anasita. Nikasema sasa atacheka, atakana, tuendelee. Akakohoa kidogo, akafunga kifungo cha koti jezi isionekane, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia: "Asante. Hali ya biashara ikoje?"

Ngoja niwafafanulie kitu ambacho hakuna mtu atakuandikia. Dodoma mwezi wa bajeti huwezi kujua nani ni nani. Mtu uliyepigana naye kikumbo dukani kwa Mpemba kesho unamwona kwenye taarifa ya habari anaunga mkono hoja. Kwa hiyo wahudumu wameamua jambo la busara: mwenye koti ni mheshimiwa mpaka ithibitike vinginevyo. Kuitwa ni bure. Kuitikia ndiko kunalipiwa.

"Mheshimiwa, ya baridi au ya moto?" Akaagiza ya baridi. Shemeji akaulizia zabibu, si yuko Dodoma? Zabibu hapa zinavunwa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwaka na tena kuanzia mwezi wa nane, yeye kafika katikati, kama mtu anayewahi pilau sufuria likiwa linaoshwa. Akaletewa mvinyo mtamu wa hapa hapa. Akasema ni kama juisi. Nikamwambia taratibu, shemeji, hiyo haina haraka na wewe lakini ikifika imefika. Saa moja baadaye alikuwa anamwimbia mhudumu nyimbo za Wananchi, yaani Yanga.

Nyama tukaagiza mbuzi, kilo mbili. Nikainuka niende jikoni nikaone inapimwa, ndiyo kawaida yangu, siwezi kula nyama ambayo sijaiona kwenye mizani. Mwanyumba akanivuta shati: "Kaa, mheshimiwa." Na mimi tena! Mhudumu akasema dakika tano. Baada ya saa moja na robo ikaja sinia, na ndani yake kilo mbili zenyewe: mifupa saba, ndizi mbili za kuchoma, na goti moja ambalo nina uhakika lilishahudumia meza nyingine, maana lilikuwa limechoka kuliko mimi. Ile televisheni kubwa iliyotuleta? Ilikuwa tamthilia. Rimoti anayo kaunta, na kaunta alikuwa analia pamoja na mwigizaji.

Bili ikaja imekunjwa. Bili iliyokunjwa muiogope. Bia ambayo kwenye kona yangu ni 2,500 hapa ni 4,000, na chini kabisa wameandika kwa kalamu nyekundu "huduma maalumu." Wagogo wanasimulia kwamba jina la mji huu limetokana na tembo aliyekuja kunywa maji akazama kwenye tope, watu wakasema "idodomya," yaani imezama. Nilikuwa naisikia hiyo hadithi bila kuielewa. Usiku ule nilimwelewa tembo.

Mwanyumba aliitazama ile karatasi kama kipa aliyepigwa tobo. Shemeji akasema, "Lipa, mheshimiwa." Ndipo nikasikia mnong'ono sikioni: "Mwanyumba, una shilingi ngapi hapo?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilipona elfu 30.

Jumamosi asubuhi shemeji akaamka mzima kabisa, ana orodha kwenye simu. Tukaenda Nyerere Square, akapiga picha na sanamu ya Mwalimu. Nikamwambia huyu ndiye wa kumlaumu, maana uamuzi wa serikali kuhamia huku ulipitishwa 1973, mizigo ikafungwa, ikaja kupakiwa 2016, na mmoja wa mizigo ni mimi. Msikiti wa Gaddafi tukauona tukiwa kwenye bajaji. Bungeni tukapaona kutoka barabarani. Akataka michoro ya mapangoni ya Kolo, kule Kondoa; nikasema ni mbali, karibu kilomita 180 kwenda peke yake. Akanisomea kwamba iko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006, watu wanapanda ndege kuja kuiona. "Wewe umeiona?" Nikajifanya napokea simu.

Palipobaki ni ule mlima wa mawe ambao kwenye vitabu vya watalii unaitwa Mwamba wa Simba. Hapo nikajua nimepatia, mwanyumba atafurahi, Yanga atagoma. Ikawa kinyume. Shemeji alikuwa ameshafunga khanga kiunoni: "Twendeni, nikapige picha nimemkanyaga kichwani!" Aliyegoma ni mwanyumba. Alikaa chini kabisa, kwenye jiwe, akasema mguu unamuuma. Haukumuuma tulipomtajia nyama ya mnadani.

Mnada wa Msalato uko barabara ya Arusha, kila Jumamosi, na kama kuna mahali nawashauri bila kusita ni hapo. Ng'ombe, mitumba, masufuria, na nyama inayochomwa huku kaka yake anasubiri kununuliwa. Kosa langu ni moja: nilimfundisha mwanyumba kusema "mbukwa," salamu ya Kigogo. Na koti lile alikuwa nalo, saa sita, jua la utosi. Akamkuta mzee mmoja ana mgolole na fimbo, akampigia "mbukwa!" kwa sauti ya kampeni. Mzee akafurahi, akafungulia Kigogo kama bomba lililopasuka. Mwanyumba haelewi kitu, anatikisa kichwa. Mzee anasema, yeye anatikisa. Mzee ananyoosha vidole vinne, kisha kiganja kizima, yeye anatikisa. Kijana mmoja pembeni akacheka akasema, "Mheshimiwa amekubali elfu 45." Akakabidhiwa jogoo.

Jogoo mwenyewe si wa kawaida. Mrefu, mwekundu, macho ya mtu aliyenyimwa haki yake ofisini. Na kurudisha haiwezekani, umeshakubali mbele ya watu.

Saa tisa tuko foleni Jamhuri, jogoo nimemwacha kwa bodaboda wangu nje, elfu 3 ya ulinzi. Simba wakija hapa mji wote unakuwa mwekundu, wenyeji ndio wanabaki wageni. Mwanyumba akapotelea kwa wekundu wenzake. Shemeji akaenda kwa Walima Zabibu, na dakika kumi tu alishakuwa anaongoza wimbo. Mimi nikabaki katikati, nimeshika mikoba miwili na lile koti, maana sasa jezi ilitakiwa ionekane. Kila muuza karanga anayepita: "Mheshimiwa, karanga." Nimelishika tu jamani, sijalivaa!

Simu ikaita. Bodaboda. "Kaka, huyu jogoo wako amekunya kwenye siti, na abiria ninaye hapa amekaa." Niliinama kumsihi, nimeziba sikio moja, na hapo hapo uwanja ukalipuka. Nilipoinua kichwa, wachezaji walikuwa wanarudi katikati. Lile bao sijaliona. Mwanyumba na shemeji, mmoja anasema lilikuwa bao la msimu, mwingine anasema ofusaidi ya mita mbili, na kwa kuwa nalala nao nyumba moja sikutaka kuchimba zaidi.

Jioni niliwaburuta baa yangu ya kona, hakuna kura. Viti vya plastiki, jiko mbele, mizani inatutazama. Mama muuzaji akatupokea, "Karibuni mashemeji." Mwanyumba akavuta koti, akakohoa, akasubiri. Mama akamwambia, "Baba, hilo koti vua, litanuka moshi." Tulikula mbuzi mpaka shemeji akaomba maji ya kunawa mara ya pili, na bili ilipokuja haikukunjwa. Mwanyumba akasema ni pazuri, ila Chako ni Chako hatukwenda. Mpaka leo analalamika.

Jumapili wakaondoka. Shemeji alikataa katakata: hawezi kupanda treni ya umeme na jogoo, watu wamwone. Kwa hiyo yuko kwangu. Anawika saa tisa za usiku, chini ya dirisha lile lile linaloingiza upepo, na mbwa wa jirani ameacha kupita kwetu. Mara mbili nimenoa kisu. Mara ya kwanza watoto walilia, walishampa jina. Mara ya pili simu iliita, mwanyumba huyo, hata salamu hakunipa.

"Mheshimiwa hajambo?"

Nikamwambia hajambo, amelala.