Nilifunga Chuma, Nikajifunga

Kilichoniponza ni kona. Kwa wiki kadhaa, kila nikikata kona nilihisi makalio ya gari yanachelewa, kama mtu mnene anayejigeuza kwenye godoro: kichwa kimeshafika, kiuno bado kiko njiani. Mwenye akili zake angemwita fundi. Mimi nikasoma.

Nilisoma hadi saa nane za usiku, na kufikia saa hizo nilikuwa mhandisi kamili. Nikajua kwamba gari la hachibeki, hili lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, halina ule ukuta wa bati ambao magari mengi yenye buti iliyojitenga huwa nao nyuma ya viti. Huku nyuma pako wazi kama boksi lililokatwa ubavu, basi bodi inapata upenyo wa kujipindapinda. Dawa yake ni struti baa: chuma kinachokatiza buti kutoka kulia hadi kushoto, kikashika vichwa vya shokapu mbili za nyuma, ili mmoja akisukumwa mwenzake amsaidie. Shokapu zangu ni za mtindo wa MacPherson, ule wa yule mhandisi wa Marekani, Earle MacPherson. Springi na shokapu ni kitu kimoja, na kichwa chake kimefungwa kwenye bodi kwa nati tatu. Tatu kulia, tatu kushoto. Sita tu. Nani anashindwa na nati sita?

"Saa moja tu nimemaliza," nikamwambia mke wangu Jumamosi asubuhi. Ilikuwa saa mbili. Saa tano tulitakiwa tuwe stendi kumpokea mama yake.

Alinitazama, akalitazama gari, kisha akampigia simu mdogo wake aje anisaidie. Kwa anayemjua mke wangu, hiyo ni hotuba ndefu.

Plastiki za buti ndizo zilizotutangulia kutudhalilisha. Kuta zote za ndani zimevishwa plastiki inayoshikwa na klipu, na klipu zikizeeka hukauka kama majani. Nilichomeka mwiko wa mbao (wa jikoni, bila ruhusa) kwenye upenyo, nikakandamiza. Pak! Klipu ikaruka, ikampiga shemeji kwenye paji la uso. Pak! Nyingine hatukuiona tena hadi leo. Zilikuwa kumi na mbili. Tulizozipata nzima ni tano, na moja kati ya hizo tano naishuku.

Sasa nati. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na chuma ilikuwa na mchoro mmoja na mishale. Mchoro ulionyesha gari limekaa chini kwa magurudumu yote manne. Mimi nikaona huo ni uvivu wa mchoraji.

"Shemeji, kwani lazima tulinyanyue?"

"Kazi ya gari bila jeki ni ushonaji," nikamjibu.

Tukapiga jeki upande wa kulia hadi tairi likaning'inia. Shemeji akaingia butini na spana, akaanza na ile nati kubwa ya katikati. Hapo nilipiga ukelele ambao jirani aliusikia akiwa bafuni. Nati ya katikati haiguswi! Hiyo ndiyo inayoibana springi; ukiifungua pabaya, springi inajiachia kwa nguvu ya kumvunja mtu uso. Nalitaja hili kwa sababu ndilo jambo pekee nililolijua kwa usahihi siku ile, na nisingependa lipite hivihivi.

Akahamia zile ndogo tatu. Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu ilipotoka tukasikia sauti kama ya mtu mzima kukaa kwenye kochi. Nikachungulia. Pale palipokuwa na boliti tatu zimesimama pamebaki matundu matatu, na kupitia matundu hayo naiona ardhi.

Ndipo nilipomwelewa yule mchoraji. Gari likikaa chini, uzito wake wenyewe unazisukuma zile boliti juu ndani ya matundu, unaweza kufungua nati zote na kitu kisitikisike. Ukilinyanyua, kinachoizuia shokapu isianguke ni nati hizohizo unazozitoa.

Kuirudisha kulikula saa nzima na dakika zake. Shemeji alishusha jeki kidogokidogo, mimi nimelala butini, tochi mdomoni, bisibisi mkononi, naziongoza boliti kama mtu anayemwelekeza dereva wa lori kurudi nyuma. "Shhuha. Simama! Shhuha." Ukiwa na tochi mdomoni herufi ya "s" inakuwa na mate mengi. Mara mbili shokapu ilijizungusha, boliti zikagonga bati badala ya tundu. Mara ya tatu zikachomoza, moja, ya pili, kisha ya tatu, kama meno ya mtoto. Nilifurahi karibu nizibusu.

Upande wa kushoto tuliufanya gari likiwa chini. Dakika kumi. Sitaki kuuzungumzia.

Tukapachika vishikio, tukalaza chuma juu yake, tukaanza kufunga. Nati tano zikaingia bila maneno. Ya sita niliishika kwa ncha za vidole viwili vyenye grisi, nikaipeleka taratibu hadi ikaigusa boliti, kisha ikapumua na kuniponyoka. Ting. Tong. Tak. Ikaenda kulala ndani ya ubavu wa gari, kati ya bati la ndani na bati la nje, mahali ambapo mkono hauingii na jicho halifiki.

Shemeji akatoa wazo la sumaku. Tukang'oa sumaku ya spika mbovu, tukaifunga uzi, tukaitumbukiza. Watu wawili wazima, na hakuna aliyekumbuka kwamba gari lote ni chuma. Sumaku ililipenda bati la kulia, ikalipenda la kushoto, ikaupenda kila ukingo iliopita. Kitu pekee ambacho haikukitaka ni nati. Tulichovua ni pini mbili za nywele na bawaba ya kitu ambacho hatujakitambua.

"Nina nati hapa kwenye boksi," nikasema. Ikaanza vizuri, mzunguko mmoja, kisha ikakaza kama mtu aliyeudhiwa. Kumbe nati za milimita 10 si zote ni ndugu: kuna za meno ya 1.25 na za meno ya 1.5, na ukizilazimisha unaua boliti. Dalili ilikuwepo, maana zile za gari zilifunguka kwa spana ya 14, hii ilitaka ya 17. Shemeji akaenda kwa jirani kuomba. Mimi nikarudi butini kumsihi yule mtoro.

Niko humo nimejikunja, sikio limebandikwa kwenye tundu, mwanangu wa miaka sita akapita. Ni mtoto aliyelelewa vizuri. Akiona mlango wazi, anafunga.

Bamm.

Mlango wa nyuma wa gari langu hauna kitasa kwa ndani. Nikasema hewala, viti nimevilaza, nitatambaa hadi mbele. Ila kati yangu na mbele sasa kulikuwa na chuma. Chini yake kulikuwa na nafasi ya kichwa. Kulikuwa na nafasi ya mabega. Baada ya mabega huja tumbo.

Nilikwama hapo, nusu butini, nusu kwenye viti. Nikanyoosha mkono nikakifikia kitasa cha mlango wa abiria kwa ncha ya kidole, nikavuta, kikacheka. Ile kufuli ya watoto. Niliiweka mwenyewe.

Nikagonga kioo. Mwanangu akanipungia mkono, akaingia ndani. Baadaye niliambiwa alimwambia mama yake, "Baba amelala kwenye gari," na mama yake akajibu, "Mwache apumzike, tangu asubuhi hajakaa."

Dakika ishirini. Niligundua mengi kuhusu chuma kile kwa muda huo, kwa mfano kwamba hakipindi hata kidogo. Kwa hilo sikudanganywa.

Aliyenifungulia ni mke wangu, nyuma yake shemeji na jirani wameshika nati moja kama wamebeba posa. Akainama, akanitazama nilivyo.

"Baba watoto," akasema kwa upole, "umefunga chuma, au umejifunga?"

Jirani akaondoka haraka kwenda kucheka kwake.

Nati ya jirani ilikubali. Plastiki tulizirudisha kwa klipu tano na gundi ya karatasi. Tundu la kupitishia chuma nililikata kwa kisu, na la upande wa kushoto nikalikata mahali ambapo chuma hakipiti, kwa hiyo lipo tu, kama dirisha. Stendi tulifika saa sita kasorobo. Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya begi lake kubwa, na begi hilo likagoma kulala butini kwa sababu ya chuma. Shemeji akalipakata njia nzima. Mama mkwe akageuka, akakitazama kile chuma chekundu kinachong'aa, akakipima kwa mkono, akatundika mkoba wake.

"Hapa mmefikiria," akasema.

Kwenye kona ya kwanza nikatega hisia zote. Makalio bado yanachelewa. Kona ya pili vilevile. Nikaingia kituo cha mafuta kwa kisingizio cha upepo, kijana akabandika kipimo kwenye tairi la nyuma kulia. Linatakiwa paundi 32. Lilikuwa na 18. Ndilo tairi nililolipiga jeki, nililoliegemea, nililokalia ubavuni mwake asubuhi nzima.

Akalijaza. Gari likakata kona kama kisu.

Hakuna aliyesema neno. Tukafika kwenye taa, nikakanyaga breki, na kutoka ubavu wa kulia wa gari ikasikika: kri-kri-kri-kri, tak. Taa zikaruhusu, nikaondoka: kri-kri-kri-kri, tak.

"Kuna kitu kinatembea humu," mama mkwe akasema.

"Ni nati, mama," mke wangu akamjibu akitazama nje ya dirisha. "Inamtafuta fundi wake."